Jinsi ya kurusha simu au laptopu kwenye TV bila waya, na kwa nini saa nyingine inagoma

Kwenye nyumba nyingi sasa hivi kuna smart TV ukutani, na bado vidio ya harusi inapitishwa mkono kwa mkono kwenye kioo cha simu, kila mtu anainamisha kichwa aone, wakati TV ile ile ina uwezo wa kuipokea bila waya wowote na uwezo huo ulishaulipia siku uliyoinunua. Dukani walikuonyesha kuwasha na kutafuta chaneli, hili hawakuligusia. Mimi naona kila aliyenunua TV anastahili kulijua, kwa hiyo naandika kwa urefu kidogo, vumilia.

Kabla hujagusa setingi yoyote elewa kitu kimoja, maana ukikielewa hiki mengine mengi utayatatua mwenyewe bila kuuliza mtu. Kuna njia mbili tofauti za kupeleka picha kwenye TV, na tofauti yake kubwa ni nani anayeivuta ile vidio.

Njia ya kwanza ni kukasti. Hapa, kwa vidio iliyoko intaneti, simu haipeleki vidio kabisa. Inaiambia tu TV "fungua YouTube, vidio ni ile pale, anzia dakika ya nne", TV inaenda yenyewe intaneti inaivuta na kuicheza. Ni kama kumtuma mtoto dukani, ukishamwambia cha kuleta unaendelea na shughuli zako. Unaweza kuchati, kupokea simu, hata kuzima kioo ukaweka simu chaji chumba kingine, TV inaendelea tu. Simu imebaki kuwa rimoti.

Njia ya pili ni kurusha skrini nzima. Hapa simu inachukua kila kinachoonekana kwenye kioo chake, inakigandamiza kuwa vidio papo hapo, inakisukuma kwa mawimbi ya Wi-Fi mpaka kwenye TV, na TV kazi yake ni kuonyesha tu. Chochote unachofanya kwenye simu kinaonekana ukutani, ukifungua WhatsApp wote wanaona WhatsApp, ukizima kioo na picha inakatika. Simu inafanya kazi nzito muda wote ndo maana inapata moto na betri inashuka haraka, hilo sio ugonjwa wa simu yako.

Kama hujui uko kwenye njia ipi, zima kioo cha simu. Picha ikiendelea kwenye TV, umekasti. Ikikatika, ulikuwa unarusha skrini.

Sasa majina, maana hapa ndo watu wengi wanapopotea, kila kampuni imeita kitu chake jina lake. Ya skrini nzima inayotumika zaidi kwenye Android na Windows inaitwa Miracast, ilitoka 2012 kwa muungano wa Wi-Fi Alliance, na sifa yake kubwa ni kwamba simu na TV zinaongea moja kwa moja zenyewe kwa zenyewe, hazihitaji rauta wala intaneti. Kumbuka hiyo, tutaihitaji chini. Ya kukasti inayojulikana zaidi ni Google Cast, ilianza na kile kidude cha Chromecast cha mwaka 2013 kilichouzwa dola 35 Marekani, baadaye ikaingizwa ndani ya TV zenyewe za Android TV na Google TV. Chromecast yenyewe kama kidude Google waliacha kuitengeneza 2024, kwa hiyo ukiona inauzwa ujue ni ya zamani, uliza ni toleo la ngapi kabla hujatoa hela. Apple wana ya kwao inaitwa AirPlay, ipo toka 2010 na inafanya yote mawili, kukasti na kurusha skrini, ila kwa miaka mingi ilitaka uwe na Apple TV mpaka 2019 ndo ikaanza kuingia kwenye TV za Samsung, LG na Sony. Alafu kuna DLNA, ya zamani kuliko zote hizo, yenyewe ni ya kucheza faili za muvi, nyimbo na picha zilizo ndani ya simu au kompyuta, haina habari na skrini yako.

Kwa hiyo swali la kwanza kabisa sio "simu yangu ni nzuri kiasi gani", ni "TV yangu inaelewa lugha ipi". TV ya TCL au nyingine yenye Android TV au Google TV itaelewa Google Cast bila shida. Samsung inatumia mfumo wake wa Tizen, LG wana webOS, Hisense nyingi zina VIDAA, na hizi za zamani kidogo hazina Google Cast ila zina Miracast, na YouTube ya ndani ya TV inakubali kutumwa kutoka kwenye YouTube ya simu. Usiogope kuangalia, ingia kwenye setingi za TV sehemu ya kuhusu kifaa usome jina la mfumo, au tazama kama kwenye menyu ya vyanzo, pale unapochagua HDMI 1 na HDMI 2, kuna kitu kimeandikwa Screen Share, Screen Mirroring, Screen Sharing, Miracast, Wireless Display au Anyview Cast. Vyote hivyo ni kitu kimoja, na Anyview Cast ni jina la Hisense.

Tuje kwenye hali halisi ya nyumba zetu. Maelekezo mengi unayoyakuta yanaanza na "hakikisha simu na TV ziko kwenye Wi-Fi moja" kana kwamba kila nyumba ina rauta ukutani, wakati wengi wetu intaneti yetu ni bando kwenye simu. Je hapo unafanyaje? Zipo njia, na inategemea una simu ngapi na unataka kuangalia nini.

Ukiwa na simu moja tu na unataka kuonyesha picha za familia, vidio za WhatsApp, au muvi uliyopakua tayari, tumia Miracast. TV haihitaji intaneti, simu haihitaji intaneti, na bando lako halitoki hata MB moja. Hili wengi hawaamini lakini ndo ukweli, yale mawimbi ya Wi-Fi ni njia tu ya kupitisha picha kutoka hapa hadi pale, hayagusi mtandao wa simu. Washa Wi-Fi kwenye simu hata kama haijaunganishwa popote, na kama TV haionekani washa na mahali yani location, simu nyingi za Android zinaitaka ili zitafute vifaa vya jirani. Na hapo hapo ukiwa na bando unaweza kuendelea kuvuta mpira kwenye simu kwa data ya laini na kuurusha kwenye TV, simu inafanya yote mawili kwa pamoja.

Ukiwa na simu mbili, moja iwe hotspoti, TV iunge humo, simu ya pili nayo iunge humo humo, alafu ukasti kutoka kwenye hii ya pili. Hii ndo njia isiyosumbua kabisa kwa nyumba isiyo na rauta. Simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka inafaa sana kwa kazi ya hotspoti, iweke kwenye chaji karibu na TV na uisahau.

Ukiwa na simu moja na unataka kukasti YouTube, unawasha hotspoti, TV inaunga, na kukasti kutoka kwenye simu ile ile inayotoa hotspoti kuna simu zinakubali na kuna zinazokataa kabisa kuiona TV. Ikikataa usihangaike nayo. Kwenye TV fungua YouTube, nenda setingi zake, tafuta sehemu ya kuunganisha kwa kodi, yani code, itakuonyesha kodi yenye tarakimu 12. Kwenye simu fungua YouTube, ingia kwenye setingi, tafuta Watch on TV, alafu Enter TV code, andika zile namba. Ukimaliza hapo simu na TV zinajuana kupitia intaneti yenyewe, hata kama TV iko kwenye mtandao mmoja na simu iko kwenye mwingine tofauti kabisa. Mimi kwenye kila TV ninayosaidia mtu huwa naanza na hii maana ikishawekwa imewekwa.

Tahadhari kidogo: usijaribu kutoa hotspoti na kurusha kwa Miracast kwa wakati mmoja kwenye simu moja, simu nyingi zitazima hotspoti zenyewe au zitakuuliza uizime, redio ya Wi-Fi ndani ya simu ni moja na kazi hizo mbili zinagombania.

Na hapa niongee kuhusu bando maana ndo panapouma. Ukikasti, TV inajua ina kioo kikubwa, kwa hiyo inavuta ubora mkubwa kadri mtandao unavyoruhusu. Netflix wenyewe wanasema vidio ya HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa na ya 4K mpaka GB 7, na hiyo yote inatoka kwenye ile simu yenye hotspoti. Mtu amezoea kuangalia YouTube kwenye simu kwa 360p bando linamaliza wiki, siku ya kwanza anakasti kwenye TV asubuhi anaamka bando limeisha anadhani kampuni imemwibia. Ukikasti YouTube, kwenye TV bonyeza alama ya gia kwenye vidio uchague ubora mwenyewe, weka 480p. Kwa TV ya inchi 32 ukiwa umekaa kwenye kochi 480p inaangalika vizuri tu, kwa inchi 43 na kuendelea 720p inatosha, zaidi ya hapo unalipia kitu ambacho jicho lako halikioni kwa mbali vile. Netflix setingi ya kupunguza matumizi iko kwenye akaunti yako ukiingilia kwa brauza, ile ya kati inakula kama GB 0.7 kwa saa, tofauti kubwa hiyo. Ukirusha skrini nzima mambo yanageuka, simu ndo inayovuta kwa ubora ule ule ulioweka kwenye simu, kwa hiyo unakuwa na udhibiti wote, ila unalipa kwa betri.

Haya, hatua zenyewe.

Kukasti kwenye Android: simu na TV ziwe kwenye mtandao mmoja, fungua programu unayotaka mfano YouTube, juu utaona alama ya kama TV yenye vimistari vya mawimbi kwenye kona yake ya chini kushoto, bonyeza, chagua jina la TV, basi. Ile alama isipotokea kabisa maana yake simu haijaiona TV, ruka chini kwenye matatizo.

Kurusha skrini kwenye Android: anza na TV, fungua kile chanzo cha Screen Share au jina lolote inaloitwa kwako, iache ikisubiri. TV za Samsung nyingi hazihitaji hatua hii, zitakuuliza tu kama unaruhusu, bonyeza Allow kwa rimoti, na uwahi maana ombi lenyewe halikai muda mrefu. Kwenye simu sasa, Samsung vuta paneli ya juu utafute Smart View. Redmi na Xiaomi nyingine ingia setingi, Connection & sharing, kisha Cast. Huawei wanaita Wireless Projection. Oppo na Realme ni Screencast. Tecno, Infinix na itel jina linabadilika kutoka toleo hadi toleo kwa hiyo usikariri, ingia kwenye setingi, juu kabisa kuna kisanduku cha kutafuta, andika cast, kisipotoa kitu andika wireless, kitakachotokea ndo chenyewe. Njia hii ya kutafuta inafanya kazi kwenye simu zote, wala huhitaji kumsumbua fundi. Pixel za Google ni tofauti, zenyewe kwa kawaida hata skrini nzima zinairusha kwa Google Cast tu, maana nayo inaweza, na sio Miracast, kwa hiyo Pixel na TV isiyo na mfumo wa Google zinaweza zisionane hata ufanyeje, na hapo ni bora ujue mapema kuliko kumaliza jioni nzima unazima na kuwasha.

iPhone: telezesha kidole kutoka kona ya juu kulia kushuka chini, kwa zile zenye kitufe cha nyumbani unatelezesha kutoka chini kupanda juu, bonyeza alama ya mistatili miwili iliyopandana, hiyo ndo Screen Mirroring, chagua TV, mara ya kwanza itatoa kodi ya namba nne kwenye TV uiandike kwenye simu. iPhone haina Miracast kabisa, haikuwahi kuwa nayo, kwa hiyo TV yako isipokuwa na AirPlay usipoteze muda kutafuta kitufe. Lakini hata bila AirPlay, YouTube ya iPhone inakasti vizuri kwenye TV yoyote yenye YouTube, na zile namba 12 zinafanya kazi pia.

Laptopu ya Windows 10 au 11: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi K, upande wa kulia itafunguka sehemu ya kutafuta skrini, TV iwe tayari kwenye Screen Share, bonyeza jina lake. Ikishaunga bonyeza Windows na P uchague unataka TV ionyeshe kitu kile kile kilichopo kwenye laptopu au iwe skrini ya pili ya pembeni. Hii ya skrini ya pili ni tamu sana kwa kazi, mfano kwenye kikao cha harusi bajeti ya Excel iko kwenye TV wajumbe wote wanaiona, na wewe kwenye laptopu unaangalia orodha ya waliochangia bila kumwanika mtu. Sauti isipotoka kwenye TV bonyeza alama ya spika kwenye laptopu ubadilishe pa kutolea sauti, uchague jina la TV, mara nyingi Windows inaihamisha yenyewe ila sio mara zote. Kama hujui laptopu yako inaiweza Miracast, fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandika amri, andika netsh wlan show driver, teremka mpaka mstari wa Wireless Display Supported, ikiandika Yes uko sawa, ikiandika No tatizo ni kadi ya Wi-Fi, kadi ya picha au draiva zake, yani programu zinazoziendesha, jaribu kwanza kuapdeti draiva.

Njia nyingine ya laptopu ni Chrome. Bonyeza nukta tatu za juu, tafuta sehemu ya Cast, hapo unachagua kama unarusha kichupo kimoja tu, yani tab, au skrini yote. Hii inahitaji TV yenye Google Cast. Ushauri wangu, kama ukurasa wenyewe una alama ya kukasti ndani ya kicheza vidio, tumia hiyo badala ya kurusha kichupo, maana kurusha kichupo kunailazimisha laptopu ichakate vidio upya na picha inaanza kukwama kwama hasa kwa laptopu za zamani. Mac yenyewe ni rahisi, Control Center juu kulia, Screen Mirroring, chagua TV yenye AirPlay.

Muvi zilizo ndani ya kompyuta au simu nazo zina njia nzuri kuliko kurusha skrini. VLC, programu ya kuchezea vidio, toka toleo la 3.0 la 2018 inakasti faili moja kwa moja kwenda kwenye Google Cast, kwenye simu utaona ile alama ile ile, kwenye kompyuta iko kwenye menyu ya Playback, kisha Renderer. Kwenye Windows pia unaweza kubonyeza faili kitufe cha kulia cha mausi ukachagua Cast to Device, kwenye Windows 11 unapitia kwanza Show more options, hiyo inatumia DLNA na TV nyingi zinaielewa. Kuna aina za faili TV itakataa, hasa baadhi ya MKV, na VLC itajaribu kuibadilisha njiani, kompyuta itapiga kelele za feni ila mara nyingi inafanikiwa.

Matatizo sasa.

TV haionekani. Angalia kwanza mitandao, rauta nyingi zinatoa majina mawili, moja la 2.4 GHz na moja la 5 GHz, hizo ni aina mbili za mawimbi ya Wi-Fi, kwa kawaida hayo mawili yanaonana lakini sio kila rauta, kwa hiyo viweke vyote kwenye jina moja ujaribu. TV nyingi za bei ya chini zina 2.4 peke yake, kwa hiyo kama hotspoti ya simu yako iko kwenye 5 GHz TV haitaiona kabisa, ingia setingi za hotspoti ubadilishe. Mtandao wa wageni usiutumie, umetengenezwa makusudi vifaa visionane, na Wi-Fi za hoteli na maofisi nyingi ziko hivo hivo, hapo sio kosa la simu yako wala TV. VPN ikiwa inawaka izime, hii inawakamata wengi. Kwenye iPhone ingia Settings, Privacy & Security, Local Network uangalie kama programu husika imeruhusiwa, ruhusa hii ilikuja na iOS 14 na ukiwahi kubonyeza usiruhusu siku moja programu hiyo haitaiona TV mpaka urudi kuiwasha. Ukishaangalia yote hayo na bado, chomoa TV kwenye umeme, sio kuzima kwa rimoti maana hiyo inalala tu, chomoa waya kabisa, subiri kama dakika moja, rudisha.

Picha inakwama au sauti inatangulia. Sogeza simu karibu na TV. Kuta za tofali, friji, maikrowevu inayofanya kazi, vyote vinasumbua mawimbi hasa ya 2.4. Kama TV yako ina 5 GHz itumie ukiwa chumba kile kile, iko haraka zaidi ila haipenyi ukuta vizuri. Na kubali kwamba kurusha skrini lazima kuwe na kuchelewa kidogo, kwa muvi huoni tofauti, kwa gemu za mpira utaumia, kwa hizo tumia waya.

Sauti ipo picha nyeusi. Hii watu wanadhani TV imeharibika. Netflix, Prime Video na programu nyingi za kulipia zinazuia skrini isirushwe, ni ulinzi wa haki za wenye muvi, na baadhi ya programu za benki zinafanya hivo pia kwa usalama wako. Dawa ni kutumia programu hiyo ndani ya TV yenyewe kwa rimoti, au alama ya kukasti kama ipo. Netflix kwa mfano waliondoa AirPlay 2019, na mwishoni mwa 2025 wakaondoa kukasti kutoka kwenye simu kwenda kwenye TV nyingi, kwa hiyo kama ilikuwa inafanya kazi kwako alafu ikapotea, hujakosea kitu, fungua Netflix ya kwenye TV.

Kama TV yako sio smart ila ina HDMI, kuna vidude vya kuchomeka kama AnyCast, vinaleta Miracast na baadhi vina AirPlay na DLNA. Kinachovisumbua zaidi ni umeme, watu wanachomeka ule waya wa USB kwenye TV na tundu la TV mara nyingi halitoi umeme wa kutosha, kidude kinazima na kuwaka chenyewe katikati ya muvi. Kichomeke kwenye kichwa cha chaja ya simu ukutani, shida nyingi zinaishia hapo. Ila kama TV yako ni smart tayari usinunue hiki, jaribu kwanza yote niliyoeleza juu, inaniuma nikiona mtu anauziwa kidude cha kufanya kazi ambayo TV yake inaweza.

La mwisho ni usiri na naomba ulichukulie kwa uzito. Ukirusha skrini kila notifikesheni inapanda ukutani, meseji ya M-Pesa yenye salio lako, meseji ya daktari, chati ya mtu wako, mbele ya wageni na watoto. Kabla ya kurusha washa Usisumbue, yani Do Not Disturb, na kwenye Android angalia kwamba imewekwa kuficha zile zinazoshuka kutoka juu, sio kuzima mlio tu. Ukikasti hili halikuhusu. Kwa upande wa TV, ikiuliza nani aruhusiwe kurusha usiweke iruhusu wote moja kwa moja, kwenye nyumba za kupanga mawimbi yanavuka ukuta na jirani anaweza kubonyeza jina la TV yako kwa bahati mbaya. Badilisha jina la TV pia, kwenye jengo lenye TV tano za aina moja zote zinaitwa hivo hivo, unaweza kujikuta unatuma picha zako kwa watu usiowajua. Na ukiunganisha YouTube yako kwa kodi kwenye TV ya hotelini au ya rafiki, kabla hujaondoka rudi pale pale kwenye Watch on TV ndani ya simu uifute ile TV kwenye orodha, na kama uliingia na akaunti yako kwenye TV yenyewe, itoe kwa rimoti ukiwa bado chumbani.